Wauza Miavuli na Koti la Mjomba

Koti nililovaa siku zile nilipokuwa nafasiri sinema halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba wangu wa Kabambare, kaka yake mama, na nililichukua nyumbani kwake mchana kweupe, ila yeye alikuwa shambani kwenye pamba. Nasema nililichukua. Neno "kuiba" sikulitumia hata moyoni, kwa sababu kwetu mpwa haibi kwa mjomba wake. Akitaka kuku, anakamata kuku. Akitaka mkuki uliotundikwa ukutani, anautungua na kwenda nao. Mjomba atapiga kelele, atamtukana yeye na ukoo mzima wa baba yake, atamfukuza kwa fimbo hadi mwisho wa uwanja, kisha watakaa chini pamoja na yule kuku ataliwa. Mjomba asiyepiga kelele watu humshangaa. Husema huyu hampendi mtoto wa dada yake.

Basi mimi nikachukua koti. Lilikuwa la sufu, rangi ya kahawia, lenye vifungo vya ngozi, na kwa mjomba lilikuwa koti la kanisani na la barazani; hakuwa na jingine. Mjini Kasongo walikuwa wanatafuta makarani, na karani asiye na koti siku zile aliambiwa asubiri nje mpaka asahauliwe. Nikalikunja ndani ya mkeka, nikapanda kamyo, lori la pamba, nikaenda zangu. Miaka miwili sikurudi. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa mjomba, na kila nilipomwona sokoni mtu wa Kabambare nilikumbuka ghafla jambo la kununua upande wa pili.

Kazi ya karani sikuipata hata hivyo. Nilipata ya sinema. Alikuja Mzungu mmoja na kamyo yenye mashini ya picha na mota ya umeme, akatafuta mtu anayesoma Kifaransa na mwenye sauti ya kufika mlango wa mwisho. Tulijipanga wanane. Wenzangu walikuwa na sauti nzuri kuliko mimi, na wawili walisoma kwa Monpere, padri wetu, miaka mingi zaidi. Mzungu alitutazama mmoja mmoja kuanzia miguuni, akafika kwenye vile vifungo vya ngozi, akasema, "Weye." Sikujisikia vibaya hata kidogo.

Filimu yenyewe ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Ilitengenezwa zamani sana huko Ulaya, haikuwa na sauti, na kati ya picha kulitokea maandishi ya Kifaransa ambayo mimi niliyasoma na kuyasema kwa Kiswahili kwenye maikrofoni. Ilikuwa imekwaruzika mno. Watu wa Kasongo waliitazama ile mistari inayoshuka bila kukoma, wakaona kwamba nchi hiyo mvua yake haiishi, na kwa hiyo hawakushangaa kusikia kwamba watu wawili wakuu wa filimu hiyo ni wauza miavuli. Walisema ni biashara ya akili.

Wauza miavuli hao, mmoja mwenye sharubu na mwingine mwenye kofia iliyomfunika masikio, wanasoma gazetini kwamba mzee mmoja tajiri amepoteza birika lake la chai, birika la fedha tupu. Hakuna aliyewaita. Wao wenyewe wanafunga duka, wanaandika ubao kwamba tangu leo ni wapelelezi, wanaenda nyumbani kwa tajiri. Huko wanamkamata mtunza bustani. Wanamwachia. Wanamkamata Monpere aliyekuja kunywa chai. Wanamwomba radhi. Mwenye sharubu anakamata sanamu ya jiwe iliyosimama penye maji, anaisomea mashtaka yake yote, na inapokataa kujibu anaipiga kofi na kuumia mkono.

Tuliionyesha Kasongo ndani ya hangari, ghala la pamba, saa tisa za mchana, milango imefungwa na matundu yamezibwa mikeka ili giza lipatikane. Joto la mle ndani lingeivisha ndizi. Mzungu alikaa karibu na mashini na daftari lake. Kazi yake ilikuwa kuandika watu wamecheka wapi na wapi hawakucheka, apeleke ripoti kwa wakubwa. Alikuwa mtu mpole, lakini kicheko alikitaka kwa juhudi aliyokuwa nayo mkubwa wa pamba akitaka pamba.

Siku hiyo alikipata kwa wingi penye nyayo. Wapelelezi wanaona alama ya mguu kwenye tope. Wanainama na kioo cha kukuzia, wanaipima kwa mwavuli, wanaifuata kuzunguka nyumba, na kwa kuwa wanazunguka wanakuta alama zinaongezeka, ikawa wanafuata jeshi, hadi wanagongana vichwa. Sasa mwanamke yeyote wa Kasongo anayefagia uwanja wake alfajiri anajua mguu wa kila mtu wa mtaa. Anajua shemeji alipita saa ngapi na mbuzi wa jirani alichechemea mguu upi. Kwao kioo kile ndicho kilichokuwa kichekesho. Mama mmoja aliyekaa mbele alishika tumbo, akawa anawauliza wenzake, "Watu wazima wawili? Mguu wanautazama na kioo? Hawana mama wa kuuliza?" Mzungu akaandika ukurasa mzima.

Kisha ukaja mwisho, na mwisho ndio uliotuharibia. Wapelelezi wamechoka, wanakalia sanduku kubwa, sanduku linavunjika, na birika limo ndani. Sanduku ni la kijana mmoja mwenye nywele zilizopakwa mafuta, na huyo kijana ni mtoto wa dada yake tajiri. Dada mwenyewe tumemwona tangu mwanzo, amekaa dirishani anafuma. Polisi wanakuja, wanamfunga kijana pingu, mjomba anawashika mkono wapelelezi, wote wanakunywa chai. Mimi nilisoma maneno kama yalivyoandikwa.

"Wamemufunga mwipwa?" akauliza mzee mmoja gizani.

"Ndiyo, wamemfunga," nikajibu kwenye maikrofoni.

"Juu ya birika?"

"Ndiyo, kwa sababu ya birika."

"Ya mujomba yake?"

Nikasema ndiyo, ya mjomba wake. Watu wakaanza kusimama. Walimwonea haya yule tajiri hata hawakutaka kuuona uso wake, na yule mama aliyekuwa akicheka akasema dada mtu angeacha kufuma, avue nguo mbele ya kaka yake kumlaani, ndipo kaka angejua amefanya nini. Wakatoka wakibishana, na wawili watatu walinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeleta pingu.

Mzungu hakuelewa. Nikamweleza desturi yetu polepole, kwa Kifaransa changu cha kuazima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mtu safi. Nilikuwa nimejitetea mbele ya mahakama na mahakama imenikubalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Mbele kule tengeneza maneno weye mwenyewe," akasema. "Miye nataka watu wacheke tu."

"Mbele wapi, Bwana?"

"Kabambare."

Safari ile sikuona njia wala mto. Tulipofika mto Luama na kamyo ikapandishwa kwenye kivuko, nilisimama kando nikawaza kwamba koti likianguka majini si kosa la mtu. Tena nililitupia mabegani tu, mikono nje, ili kuipa bahati nafasi. Upepo haukuwapo. Kumwambia Mzungu naumwa pia nilifikiri, lakini angeniacha njiani na kuchukua mwenye sauti nzuri. Na kuvua koti nisingeweza kwa sababu shati langu la ndani lilikuwa na kola na kifua tu, mgongo ulikwisha kuondoka. Ndipo nikapata akili ambayo kwa muda wa saa nne hivi niliiona kubwa. Nikaligeuza koti, bitana nje na sufu ndani.

Mzungu alinitazama sana. "Ni namna gani hii?"

"Ndiyo namna yao ya Kabambare, Bwana. Wakati wa wageni."

Akaandika hilo nalo daftarini. Ikiwa ripoti zile bado zimehifadhiwa mahali, naomba radhi kwa watu wa Kabambare.

Hangari ya huko ilikuwa ndogo kuliko ya Kasongo, na ilijaa hata vijana wakakaa juu ya magunia. Nilimwona mjomba kabla mlango haujafungwa. Alikuja na mkewe, amevaa shati jeupe lililofuliwa vizuri, na wazee walipomsogezea kiti cha mbele alikikataa, akaenda kukaa benchi la tatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsumbua, hilo sikulijua. Alinitazama mara moja, akatazama bitana ya koti na mishono yake yote ya ndani, kisha akatazama shuka ya picha kama mtu aliyekuja kwa ajili ya shuka. Mlango ukafungwa. Nikamshukuru Mungu kwa giza.

Nikaanza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeruhusiwa kutengeneza maneno, niliyatengeneza kweli. Tangu mwanzo nilitangaza kwamba kijana mwenye mafuta kichwani ni mpwa mwema, anayemtunza mama yake, na kwamba birika hakuliiba. Alilichukua, kwa haki, kama sisi sote tunavyojua. Watu wakaitikia kwamba wanajua. Nikapata nguvu. Maandishi yalipotokea yakisema kitu kuhusu hali ya hewa, nilisoma kwamba kijana alihitaji birika hilo ili apate kazi ya ukarani.

"Alihitaji birika juu ya ukarani?" ikauliza sauti kutoka benchi la tatu.

Niliijua sauti hiyo tangu sijaota meno. Nikameza mate ndani ya maikrofoni, hangari nzima ikasikia.

"Kwa nchi yao," nikasema, "karani bila birika hawamupokei."

"Aa. Na alipokuja kuchukua, alipiga hodi?"

"Alipiga hodi. Mujomba alikuwa shambani."

"Tajiri ule iko na shamba la pamba?"

Watu wakacheka. Kwenye shuka wapelelezi walikuwa wamejifanya nguo zilizoanikwa, wananing'inia kwenye kamba kwa mikono ya mashati yao, lakini hakuna aliyewatazama; vichwa vyote vilikuwa vinageuka kutoka kwangu kwenda benchi la tatu na kurudi. Nikasema ndiyo, ana shamba kubwa. Mjomba akauliza kama kijana alimwachia salamu mke wa mjomba. Nikasema mke wa mjomba naye alikuwa kisimani. Mke wa mjomba, ambaye kwa utani wetu huniita mume wake, akasema kwa utaratibu kwamba siku hiyo hakwenda kisimani, alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mpunga. Hangari ikavunjika kwa kicheko. Mzungu alikuwa anaandika karibu kwa mikono miwili, anafuta jasho, ananyanyua kidole kunionyesha kwamba niendelee hivyo hivyo.

Nikaendelea. Tulipofika penye nyayo nilitaka kupapitia upesi, nikasema wapelelezi wameona mguu lakini hawaujui ni wa nani. Mjomba akajibu kwamba yeye angeujua. Siku kitu kimepotea angeamka, angemwambia mkewe asifagie uwanja, angeuona mguu mmoja wenye kidole cha mwisho kilichopinda nje, na angekaa kimya. Nilikunja kidole changu ndani ya kiatu. Hata sasa nikivaa kiatu kipya nafanya hivyo.

Ukaja mwisho: sanduku, birika, polisi. Nilikuwa nimeuandaa tangu kivukoni. Pingu zilipotokea nikasema hizi ni bangili, zawadi ya mjomba. Polisi nikasema ni wageni wa heshima wanaomsindikiza kijana nyumbani. Mjomba mtu alipowashika mkono wapelelezi nikasema anawaambia, "Mumesumbuka bure, huyu mutoto alikuwa ananitunzia birika yangu." Nilisema kwa sauti tamu kabisa. Wengine walikuwa wameanza kupiga makofi.

Mjomba akasimama. Kwa kuwa alisimama ndani ya mwanga wa mashini, kivuli chake kikaenda juu ya shuka, kikawafunika tajiri na wapelelezi na chai yao.

"Ule mutoto iko mwizi," akasema.

Hakupaza sauti, wala hakuwa akitania tena. Makofi yakakoma.

"Hapana juu ya birika. Birika iko yake, nani anamukataza? Iko mwizi juu alikimbia. Mwipwa anachukua, anabaki, mujomba anamuona, anamutukana, anamufukuza, watu wanacheka. Ule alichukua, akapotea. Mujomba yake atamufukuza nani? Atatukana nani, ukuta?"

Kisha akamshika mkewe mkono, wakapita katikati ya watu hadi mlangoni. Mlango ulipofunguka jua la saa kumi liliingia lote, picha ikafutika, ikabaki shuka nyeupe na mimi mbele yake, nimevaa koti upande usio wake. Watu wote wakaniona. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuona haya namna ile. Nilikuwa nimetembea miaka miwili na haki yangu mkononi, nikaionyesha kwa kila aliyetaka, na sikufikiri hata siku moja kwamba ile kelele ya mjomba na ile fimbo vilikuwa haki yake yeye.

Mzungu aliniambia kwamba hajawahi kuona watu wakifurahi vile, na kwamba kazi ni yangu. Nilisema asante. Sikukumbuka kuuliza mshahara.

Asubuhi, kabla kamyo haijaondoka, nilikwenda kwa mjomba na koti mkononi, nimelikunja vizuri, mgongo wangu uko wazi kwa kila aliyepita. Mke wake alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Hakunitania, hilo liliniumiza kuliko tusi. Mjomba alikuwa amekaa ndani kwenye kiti cha kamba. Nikapiga magoti, nikaweka koti mbele yake, nikasema, "Mujomba, nimekurudishia."

Akalitazama, hakuligusa.

"Kitu cha mwipwa hakirudi," akasema. "Unataka watu waseme nimekupokonya?"

Nilibaki nimepiga magoti. Ni mkewe aliyesema, kutoka mlangoni, bila kuacha kupepeta, kama mtu anayezungumza na ungo wake.

"Fimbo aliikata siku ile ile ya koti. Iko nyuma ya mulango. Mwaka wa kwanza kila kamyo ya Kasongo ikilia barabarani, anasimama, anaishika. Ikipita, anairudisha. Mwaka wa pili mguu ulianza kuuma, akawa anaikamata akiwa amekaa."

Mjomba akamwambia anyamaze. Nikageuza kichwa. Ilikuwapo, fimbo ya mti mgumu, imemenywa ganda, na mahali pa kushika pameng'aa kwa mkono, na haijampiga mtu. Nililia. Sitaandika kwamba machozi yalinilengalenga; nililia na kamasi, mbele ya mizimu ya wajomba wote waliokufa.

Mjomba alinivumilia kidogo. Kisha akasema, "Umekuja asubuhi yote hii kupiga magoti tu? Ndani ya nyumba yangu hakuna kitu?"

Nikainuka. Uwanjani palikuwa na bata wake mmoja mkubwa, dume, mwenye hasira, ambaye watu wa mtaa walimzunguka wakipita. Nilivaa koti, safari hii sufu nje, nikatoka, nikamkamata bata huyo shingoni na kwenye mbawa, akaniuma vidole, akapiga kelele hata wanawake wakatoka kwenye nyumba zao. Nikasimama katikati ya uwanja, ili nionekane.

Kwanza ilikuja sauti ya mjomba. Alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangubangu kilicho na matusi bora, alimtukana baba yangu na baba yake baba yangu, na kichwa changu kilivyokuwa kirefu nilipozaliwa. Kisha akatokea mlangoni na fimbo. Mkewe alikuwa ameangusha ungo, anapiga vigelegele, ananiita mume wake mwizi. Kutoka kwenye kamyo Mzungu aliona mfasiri wake anafukuzwa na mzee, akateremka mbio kuja kuniokoa, na watu wakamzuia kwa upole, wakimweleza wote kwa pamoja.

Nikakimbia. Nilikimbia kuelekea mwisho wa uwanja, bata anapiga mbawa kifuani, nikasikia nyuma yangu ule mguu wa kulia unakanyaga na wa kushoto unaburuta, pumzi inakatika kati ya tusi na tusi. Uwanja wake haukuwa mkubwa. Nikapunguza mwendo, kisha nikapunguza tena, nikamwinamishia mgongo.